Ndugu yetu anatoka jela, mtaa una hofu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya sikuyatunga. Ni yale ninayoulizwa kwenye benchi la nje ya ofisi ya kata, ninakosaidia watu mambo ya sheria: mama mwenye mtoto gereza la Segerea, mwenyekiti wa mtaa aliyechoka na vibaka, na wakati mwingine mfungwa mwenyewe, wiki ileile aliyotoka, bado anasema "ndiyo afande" kwa kila mtu. Majibu ni ya Tanzania Bara. Wa Zanzibar wasome pia swali la 22.

## Mambo ya kuanzia

1. Mimi nataka wezi wafungwe, basi. Habari za kuwasaidia wakitoka zinanihusu nini?

Zinakuhusu kwa sababu watatoka. Rais Magufuli alipohutubia Dodoma siku ya Uhuru, 9 Desemba 2017, alisema magereza yana wafungwa wapatao 39,000. Waliohukumiwa kunyongwa walikuwa 522 na wa kifungo cha maisha 666. Piga hesabu: ni watatu hivi kwa kila mia. Wengine wote wana tarehe ya kutoka, na tarehe hiyo ikifika anarudi kwenye mtaa wenye nyumba yao, yaani wako au wangu.

Kwa hiyo usalama wa mtaa una ncha mbili: kumzuia kijana asifike kwenye panga, na kuhakikisha aliyefungwa kwa ajili ya panga halirudii. Ncha ya kwanza ina magari, redio na bajeti. Ya pili, ukishavuka geti la gereza, mara nyingi ina mama mzazi na mwenyekiti wa mtaa tu.

2. Mfungwa na mahabusu si ni kitu kimoja?

Hapana, na kuchanganya hayo mawili kunawapotezea watu muda mwingi. Mahabusu kesi yake haijaisha. Kwa sheria bado hana hatia hata kama amekaa gereza la Keko miaka mitatu. Mfungwa ameshahukumiwa. Msamaha wa Rais (swali la 4) na parole (swali la 6) ni vya wafungwa. Mahabusu njia zake ni dhamana, kumaliza kesi, au Mkurugenzi wa Mashtaka kuifuta.

3. Alikula mvua tatu, mbona ametoka baada ya miaka miwili? Amehonga?

Hajahonga. Sheria ya Magereza, Sura ya 58, inampa mfungwa punguzo la theluthi moja ya kifungo chake kwa tabia njema, mradi kifungo kinazidi mwezi mmoja. Miaka 3 inakuwa 2, miaka 30 inakuwa 20. Wa maisha hana theluthi, kwa kuwa hakuna namba ya kugawa kwa tatu.

Punguzo hilo linaweza kupotea, lote au sehemu, akifanya makosa ya nidhamu gerezani. Na kama alikuwa na makosa mawili, angalia hukumu ilisema adhabu ziende pamoja au zifuatane. Familia nyingi zinajumlisha "mitano na mitano, kumi" wakati hakimu alisema ziende pamoja.

Muda aliokaa mahabusu je? Mahakama inatakiwa kuuzingatia inapopanga adhabu, lakini gereza halikati siku hizo lenyewe. Kama hukumu haikuutaja, hilo ni la kulipeleka kwenye rufaa.

## Kutoka kabla ya tarehe

4. Msamaha wa Rais unafanyaje kazi?

Ibara ya 45 ya Katiba inampa Rais mamlaka ya kusamehe, kufuta au kupunguza adhabu. Kwa desturi hutangazwa siku za kitaifa, hasa 26 Aprili (Muungano) na 9 Desemba (Uhuru). Mwaka 2017 walikuwa 8,157, na 1,828 kati yao wakatoka mara moja. Desemba 2019, Mwanza, walitangazwa 5,533. Aprili 2021, mwezi mmoja na siku chache baada ya Rais Samia kuapishwa, walikuwa 5,001: walioachiwa siku hiyohiyo ni 1,516, na 3,485 walipunguziwa tu.

Hapo kwenye "kupunguziwa" ndipo watu wanapolia. Redio ikisema "wafungwa elfu tano wasamehewa", mama anapika pilau. Wengi wa hao hawatoki siku hiyo, wanapunguziwa sehemu ya kifungo, mara nyingi robo, juu ya ile theluthi ya swali la 3. Mwenye kifungo kirefu anabaki ndani kwa muda mrefu bado. Kabla hujapika, piga simu gerezani.

5. Mbona jina la ndugu yangu halikuwemo? Ana tabia njema kabisa.

Pengine kosa lake limo kwenye orodha ya wasioguswa. Kila tangazo lina masharti yake, ila mengi hurudiarudia: walio na hukumu ya kifo au maisha, unyang'anyi, silaha, dawa za kulevya, rushwa, kubaka, kunajisi, kulawiti, kumpa mwanafunzi mimba, wizi wa magari na pikipiki, waliowahi kutoroka, na waliokwisha kusamehewa na Rais siku za nyuma. Upande wa pili kuna wanaofikiriwa kwanza: wagonjwa mahututi waliothibitishwa na jopo la madaktari, wazee wa miaka 70 na kuendelea, na wanawake walioingia na mimba au wenye watoto wanaonyonya.

Usiniambie "mbona Babu Seya alikuwa na maisha akatoka?" Najua. Mwanamuziki Nguza Viking, ndiye huyo Babu Seya, na mwanawe Papii Kocha walitoka Desemba 2017 kwa tamko la Rais mwenyewe. Mamlaka anayo. Lakini huwezi kupanga maisha ya familia kwa kusubiri jambo la namna hiyo.

6. Parole ni nini, na tofauti yake na msamaha ni ipi?

Msamaha unakata kifungo. Parole haikati kitu: mfungwa anamalizia sehemu ya kifungo akiwa uraiani, chini ya masharti na uangalizi, na akiyavunja anarudishwa ndani. Imewekwa na Sheria ya Bodi za Parole ya mwaka 1994. Wengi walilisikia neno hili mara ya kwanza marehemu Augustino Mrema alipoteuliwa kuwa mwenyekiti wa Bodi ya Taifa mwaka 2016 na kuanza kuzunguka magerezani.

Anayefaa ni mwenye kifungo cha miaka minne au zaidi, ametumikia theluthi moja, ana mwenendo mzuri, na hayumo kwenye makosa yaliyotengwa, kama unyang'anyi wa kutumia silaha, dawa za kulevya na kubaka. Wa maisha na wa kunyongwa hawamo. Maombi yanaanzia gerezani kwake, yanapita Bodi ya mkoa, kisha Bodi ya Taifa. Si barua ya kuandika nyumbani na kupeleka wizarani.

Maoni yangu: kwa ncha ile ya pili ya swali la 1, parole ndiyo silaha bora tuliyo nayo, na ndiyo tunayoitumia kwa woga zaidi. Mtu anayetoka akiwa na afisa wa kumwangalia na masharti ya kutunza ni salama kwa mtaa kuliko anayetoka bila hata namba ya simu ya mtu wa serikali. Ajabu ni kwamba wa pili ndiye tunayemwona amemaliza deni.

7. Maafisa wamekuja nyumbani kuuliza habari za ndugu yetu anayeombewa parole. Tuseme nini?

Semeni kweli. Wanataka kujua atalala wapi, atakula kwa nani, atafanya nini, na waliokosewa wana hali gani. Nimeona familia ikisema "ana chumba chake na duka linamsubiri" wakati chumba kimepangishwa na duka halipo. Afisa anamuuliza jirani, uongo unatoka, na faili linakwama. Afadhali useme: "Atalala sebuleni na wadogo zake, mjomba atamchukua kwenye gereji." Sebule ni jibu.

8. Na kifungo cha nje?

Watu wanaliita hivyo, jina lake ni huduma kwa jamii, kwa Sheria Na. 6 ya 2002. Mahakama inaweza kuamua kwamba aliyestahili kifungo kisichozidi miaka mitatu asiende jela, bali afanye kazi bila malipo kwenye taasisi ya umma (zahanati, shule, ofisi ya kata) huku akilala kwake. Afisa wa huduma za uangalizi huandika kwanza ripoti ya mazingira yake. Pia kuna makosa ambayo hakimu anaweza kumwachia mtu kwa sharti la kutotenda kosa kwa muda fulani.

Mtu aliyeiba kuku akilala gerezani na waliokomaa kwenye unyang'anyi, anahitimu. Hilo polisi wenyewe watakwambia wakiwa nje ya kazi.

9. Kuna mtu anasema kwa laki mbili anaingiza jina kwenye orodha.

Ni tapeli, au ni mla rushwa. Msamaha, parole na huduma kwa jamii havina ada hata shilingi. Piga 113, TAKUKURU, taasisi ya kuzuia rushwa, bure. Na usitume "ya kutolea".

## Serikali na uhalifu wa kutumia nguvu

10. Polisi kata anafanya nini hasa?

Polisi jamii ilianza kusikika kwa nguvu mwaka 2006, Said Mwema alipokuwa IGP, yaani Mkuu wa Jeshi la Polisi. Miaka ya karibuni wakaguzi wa polisi wamepangwa kwenye kata. Kazi ya mkaguzi wa kata ni kujua mtaa kabla tukio halijatokea: vijiwe, nyumba za gongo, kijana aliyeacha shule ghafla, ugomvi wa mpaka wa kiwanja unaoelekea kwenye mapanga. Namba yake iko kwa mtendaji. Kama haipo, idai.

Ulinzi shirikishi ni jambo lingine: ni wananchi wenyewe, kwa michango na zamu, wakishirikiana na polisi. Mizizi yake ni sungusungu wa Usukumani na Unyamwezini wa mwanzoni mwa miaka ya 1980, waliotambuliwa kisheria mwaka 1989. Mlinzi shirikishi anaruhusiwa kukamata na kukabidhi. Haruhusiwi kupiga, kutoza faini wala kuwa na mahabusu yake nyuma ya ofisi ya mtaa.

11. Panya road si walimalizwa? Mbona wanarudi?

Panya road ni magenge ya vijana wa mapanga. Usiku wa 2 Januari 2015 Dar es Salaam nzima ilijifungia ndani kwa kuwaogopa. Maduka yalifungwa, daladala zilikimbia njia, simu zikasambaza hofu haraka kuliko vijana wenyewe walivyotembea. Polisi walikamata mamia. Septemba 2022 mapanga yakarudi, safari hii hadi ndani ya nyumba, na huko Kawe binti mwanafunzi akauawa. Ikaja operesheni nyingine.

Operesheni inavunja kundi, haimalizi mahali lilipotoka. Hawa walikuwa vijana wadogo, wengine hawajaota ndevu. Ukimkamata wa miaka 19 kwa kuzurura na kumweka mahabusu na wakubwa, halafu akaachiwa bila shauri lolote, utamwona tena. Sisemi wasikamatwe, nasema ukamataji usiachwe peke yake. Kuhusu walio chini ya miaka 18, soma swali la 20.

12. Nimekuta bastola kwenye vitu vya marehemu mjomba. Nikiipeleka polisi nitafungwa?

Serikali hutoa kipindi cha kusalimisha silaha kwa hiari bila kushtakiwa. Mwaka 2022 na 2023 kilikuwa 1 Septemba hadi 31 Oktoba. Silaha ilipokelewa polisi, na hata ofisi za serikali za mitaa zilihusishwa. Kipindi kikiwa wazi, peleka bila kuchelewa. Kama hakipo, usiitembeze mjini kwenye mfuko wa rambo: mwite mkaguzi wa kata au wakili, eleza ilivyopatikana, waje waichukue wao.

13. Adhabu zikiongezwa, uhalifu hautapungua?

Unyang'anyi wa kutumia silaha adhabu yake ya chini ni miaka 30. Mauaji ya kukusudia, kunyongwa, ingawa hakuna aliyenyongwa nchini tangu 1994. Adhabu hizo hazijaletwa juzi, na vijana wa swali la 11 walizikuta. Nimezungumza na waliotumikia ile thelathini, ishirini kwa hesabu ya theluthi. Hakuna aliyeniambia kwamba usiku ule alikaa akapiga hesabu ya miaka. Aliyekuwa akiwaza alikuwa akiwaza kama atakamatwa au la.

Ndiyo maana uchunguzi mzuri na kesi ya haraka vina uzito kuliko kuongeza namba. Januari 2023 Rais Samia aliunda Tume ya kuangalia jinsi ya kuboresha taasisi za haki jinai, mwenyekiti akiwa Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman. Ilikabidhi ripoti Julai mwaka huohuo, na ilitazama mnyororo mzima, kuanzia ukamataji, upelelezi, mashtaka hadi magereza.

14. Tukimshika mwizi, kwa nini tusimalizane naye hapohapo?

Kwa sababu ni mauaji, na mwenye tairi atashtakiwa kama mwenye panga. "Wananchi wenye hasira kali" ni maneno ya gazeti, kwenye hati ya mashtaka wanaandikwa kwa majina. Piga 112.

## Siku ya kutoka na miezi ya kwanza

15. Tumpokeeje?

Kwanza, mtu aende getini. Nilimsindikiza mzee mmoja kumpokea mwanawe baada ya miaka kumi na minne. Kijana alitoka na mfuko wa plastiki: shati aliloingia nalo, Biblia, na sabuni kipande. Tulipofika kituo cha mwendokasi, mabasi ambayo hayakuwepo alipoingia, alisimama mbele ya geti la kupitia akisubiri aambiwe apite. Watu nyuma wakaanza kulalamika. Baba yake akamshika mkono kama mtoto anayevushwa barabara, wakapita.

Nimeisimulia hii kwa sababu ndugu wengi wanajiandaa kwa hasira, ulevi au wizi, hawajiandai kwa mtu asiyejua kufungua mlango bila ruhusa. Gerezani kengele inamwamsha, nyapara anamhesabu, chakula kina saa. Wiki za kwanza atalala vibaya, ataamka usiku wa manane, atakula haraka. Mpe kazi ndogondogo zenye saa maalumu. Msimfanyie sherehe ya mtaa mzima siku ya kwanza, na msimfiche uani kama mgonjwa wa aibu.

Pili, siku mbili tatu za mwanzo mpelekeni kwa mjumbe na mwenyekiti wa mtaa, kwa miguu, mchana, watu wakiona. Mtaa ukisikia "amerudi" kwa kunong'ona, kila ndoo itakayopotea itakuwa yake. Ukimwona amekaa na mwenyekiti anapewa maji, maneno yanapungua.

Tatu, msimpe fedha nyingi mkononi wala msimnyime kabisa. Nauli na vocha vinatosha kuanzia.

16. Aanze na nyaraka gani?

Karatasi ya kuachiwa aitunze kama roho yake, atoe na nakala mbili. Kisha barua ya utambulisho ya serikali ya mtaa, halafu kitambulisho cha taifa. Kama alikuwa na namba ya NIDA kabla ya kufungwa, namba haifi: aende ofisi ya wilaya waitafute. Bila NIDA hasajili laini ya simu kwa jina lake, na bila laini hana pesa ya simu wala mtu wa kumpigia kwa kibarua. Asitumie laini ya shemeji. Matatizo ya laini ya shemeji nimeyaona ya kutosha.

Mwenyekiti akikataa kutoa barua "kwa sababu ni jambazi", muulize aandike hivyo. Hataandika. Nendeni kwa mtendaji wa kata.

17. Alijifunza useremala gerezani, lakini hana cheti. Anaanzia wapi?

Magereza kuna kazi za kweli: viatu vya ngozi Karanga kule Moshi, samani Ukonga, mashamba makubwa, ufundi Ruanda kule Mbeya, na Wami kwa vijana. Mtu anaweza kutoka anashona kiatu kuliko fundi wa mtaani, ila hana karatasi.

VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wana utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. Anapimwa kwa vitendo, anafundishwa pale penye pengo, anapewa cheti. Useremala, uashi, ushonaji, upishi na ufundi magari vimo. Aulize chuo cha VETA cha karibu, au afisa maendeleo ya jamii wa halmashauri, maana kuna misimu ambayo serikali hugharamia. Na cheti chake kitasomeka cha VETA, hakitaandika kwamba nyundo aliishikia jela.

18. Anaweza kupata mkopo wa halmashauri?

Ule wa asilimia kumi (nne wanawake, nne vijana, mbili wenye ulemavu) hauna riba na hutolewa kwa vikundi vilivyosajiliwa. Ulisimamishwa 2023, ukarejea 2024 kwa utaratibu mpya. Kilicho kigumu kwake ni kupata wenzake wa kumwamini waunde naye kikundi. Ushauri wangu: asikimbilie mkopo. Afanye kazi miezi sita kwenye genge au gereji ya mtu, aonekane, kisha kikundi kitamtafuta chenyewe.

19. Kazi inataka cheti cha tabia njema. Na kura je?

Polisi hutoa cheti kwa alama za vidole, na hukumu yake inaweza kuonekana. Asidanganye kwenye fomu. Kuficha kukigundulika anafukuzwa kwa uongo, si kwa kifungo. Kazi nyingi za mtaani (ujenzi, gereji, kilimo, bodaboda ya mkataba) haziulizi cheti, zinauliza mdhamini. Mdhamini mmoja anayeheshimika, padri, shehe au fundi mkuu, anafungua milango kuliko barua kumi za maombi.

Kura ni haki yake akiwa uraiani. Arekebishe taarifa zake kwenye daftari. Hata ndani, kwa uandikishaji wa kuelekea uchaguzi wa 2025, kuliwekwa vituo kwenye magereza 130 ya Bara kwa wale ambao sheria haiwazuii. Kugombea ubunge ni habari nyingine: Katiba inamzuia aliyefungwa kwa kosa la utovu wa uaminifu ndani ya miaka mitano kabla ya uchaguzi.

## Kesi zenye utata

20. Mtoto wangu ana miaka 16, amekamatwa na kundi lenye visu.

Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza mtoto kuhukumiwa kifungo cha jela. Kesi yake inakwenda mahakama ya watoto, afisa ustawi wa jamii anaandika ripoti, na akikutwa na kosa anaweza kuwekwa chini ya uangalizi au kupelekwa shule ya maadilisho, ambayo ni Irambo, Mbeya. Kitu cha kwanza kufanya, leo, si kesho: cheti cha kuzaliwa au kadi ya kliniki ifike kituoni. Nimeona mtoto akiandikwa miaka 18 kwa sababu ana kimo tu.

21. Aliyenikaba na kunikata mkono amerudi mtaa wetu. Haki yangu iko wapi?

Swali hili huwa linanipa shida kuliko yote, kwa kuwa mfumo wetu unazungumza na mfungwa kuliko aliyeumizwa. Kumaliza kifungo kunampa haki ya kuishi popote, isipokuwa kama yuko kwenye parole yenye sharti la kukaa mbali, na hapo umwone afisa wa parole. Akikutishia, hata kwa maneno, ni kosa jipya: toa taarifa polisi, chukua RB, yaani namba ya taarifa yako. Kama lilikuwa shambulio la kingono au la ndani ya nyumba, nenda Dawati la Jinsia na Watoto. Kama mahakama iliamuru fidia na hujalipwa, amri hiyo bado ina nguvu.

Hulazimiki kumsamehe. Mwenyekiti anayewakalisha chini kwa nguvu "mpeane mikono" amekosea. Unachoweza kudai ni njia tofauti ya kisima, zamu tofauti za mikutano, na mkaguzi wa kata ajue kwamba unaogopa.

22. Tuko Unguja. Haya yote yanatuhusu?

Siyo yote. Zanzibar haina magereza kwa jina: ni Vyuo vya Mafunzo, na walio ndani wanaitwa wanafunzi. Sheria zake za makosa, mashauri na vyuo ni za Zanzibar, na Rais wa Zanzibar ana msamaha wake. Ya swali la 15 hayajali bahari.

23. Ametoka juzi. Leo kumeibwa nyumba ya tatu kutoka kwetu, polisi wamekuja kumchukua.

Asikimbie, na nyinyi msizuie mlango. Mmoja wenu aende naye kituoni na nakala ya karatasi ya kuachiwa. Ana haki ya kuambiwa sababu, kuwasiliana na ndugu au wakili, na kukaa kimya. Mahojiano ya kawaida hayazidi muda wa saa nne, kuongezwa kuna utaratibu wake, na ndani ya saa 24 apewe dhamana au afikishwe mahakamani kama kosa si la adhabu ya kifo. Kuwahi kufungwa si ushahidi kwamba ameiba jana.

Andikeni sasa hivi, kabla kumbukumbu hazijachanganyika, alikuwa wapi usiku ule na nani alimwona. Kama yuko kwenye parole, mpigieni afisa wake kabla hajasikia kwa mwingine. Kama hamna fedha ya wakili, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 imewawekea watoa msaada waliosajiliwa, na orodha iko kwa msajili msaidizi wa halmashauri. Mkimkosa, benchi letu lipo wazi Jumatatu hadi Ijumaa. Njooni na karatasi zote, hata zile mnazodhani hazina maana.